Kura Moja ya Alur Pinang

Asubuhi ya baada ya uchaguzi, Tok Ketua Shuib aliketi juu ya ngazi za nyumba yake akiwa na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Chama chake, Chama cha Jembe, kilikuwa kimeshinda. Kimeshinda kiti cha Parit Jering kama kilivyokishinda tangu kiti hicho kichongwe, kimeshinda serikali ya jimbo, kimeshinda kila kilichowekwa mezani. Mtu mwingine angekuwa bado anacheza ngoma. Lakini Shuib alikuwa mkuu wa kijiji cha Alur Pinang, na katika chumba cha kwanza cha shule ya Alur Pinang ile kura moja ilikuwa imetokea tena.

"Moja," alimwambia mkewe bila kugeuka. "Beah, moja. Afadhali zingekuwa hamsini. Hamsini ni siasa. Moja ni dharau."

Rabeah alikuwa jikoni anakaanga ndizi. Alizigeuza upande wa pili, akasema ndizi za safari hii zimeiva kupita kiasi. Hilo lilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba kura ile aliipiga yeye.

Kwetu kura hazimwagwi pamoja zikachanganywa kama mchele wa msaada. Kila kituo kina vyumba, na vyumba hupangwa kwa umri: wazee chumba cha kwanza, watu wa makamo cha pili, vijana cha mwisho, ambako foleni husogea pale tu mtu anapoinua uso kutoka kwenye simu. Jioni kila chumba huhesabu sanduku lake na kutangaza matokeo yake. Kura ni siri, naam, lakini ni siri yenye anwani. Ukijua chumba, umeshajua rika. Na ukijua rika katika kijiji kidogo, kilichobaki ni kutazamana usoni.

Alur Pinang ilikuwa haijawahi kutazamana usoni. Vyumba vyote, miaka yote, vililipatia Jembe kura zote, na Chama cha Taa kiliondoka na sifuri ya mviringo kama yai. Shuib alijivunia sifuri ile kuliko alivyojivunia wanawe. Wanawe walikuwa wanaishi mjini, wanapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Sifuri ilikuwa ya nyumbani.

Historia ya kiti cha Parit Jering, kwa mtu mvivu, ni neno moja linalorudiwa. Mwenye subira atasikia zaidi. Wa kwanza kukikalia alikuwa mwalimu, Cikgu Wahid, aliyefanya kampeni kwa baiskeli na aliyechimbisha mfereji mkuu unaonywesha mpunga wetu mpaka leo. Kwa ajili ya mfereji ule watu waliapa kulipigia Jembe kura hadi kiama. Wa pili alipita bila kupingwa: mpendekezaji wa mpinzani wake, akiwa njiani kurudisha fomu, alipita mbele ya nyumba yenye karamu ya tohara, na kwetu mtu hapiti mlango wa karamu bila kuonja. Akaonja, akaongezwa, akaonja tena, na fomu ikafika wakati meza imeshafungwa. Wa tatu alifariki akiwa madarakani, Mungu amrehemu, na uchaguzi mdogo wa kumpata mrithi wake ukatuletea lami. Vijiji jirani hadi leo husema kwa wivu kwamba wenzetu tulibahatika kufiwa. Mipaka nayo ilichorwa upya mara mbili. Mara ya kwanza walituondolea soko la Simpang Keladi, ambako wenye maduka walikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali. Mara ya pili walituongezea mashamba ya mpira, yenye miti mingi kuliko wapiga kura. Halafu akaja Dato' Mahadzir, na hapo historia ikalala usingizi. Hata ungesimamisha gogo la mnazi ukalivisha bendera ya Jembe, lingeapishwa.

Rabeah aliwajua wote hao kwa midomo yao, maana wote walikula mkononi mwake. Baba yake alikuwa mpishi wa karamu, na alipokufa alimwachia karai la shaba ambalo mbuzi mzima angeweza kuogelea ndani yake, pamoja na mwiko mrefu kama kasia. Vijiji vingine karai kuu hukorogwa na wanaume. Alur Pinang wanaume walijaribu mara moja. Mchuzi ukaungua, bwana harusi akalala na njaa, na tangu siku hiyo hakuna harusi wala hitima iliyopikwa bila Mak Njang Rabeah. Ndivyo kijiji kizima kilivyomwita, kama shangazi wa wote. Ushindi wa Jembe nao alikuwa anaupikia yeye.

Na ilikuwa katika karamu moja kama hiyo, miaka kadhaa nyuma, ndipo mambo yalipoharibika.

Mlango wa maji wa mwisho, ule unaogawa mfereji kwenda mashamba ya chini, ulikuwa umeshikwa na kutu. Gurudumu lake halikuzunguka tena. Mashamba ya juu yalipata maji, ya chini yakapata habari za maji. Shamba la Rabeah, alilorithi kwa mama yake, lilikuwa la chini kabisa. Alimwambia mumewe. Mumewe akamwambia jambo hilo ni la Mheshimiwa. Basi Mheshimiwa Dato' Mahadzir alipokuja, akala sahani tatu za mchuzi wa nyama kwa fenesi na kulegeza mkanda, Rabeah alitoka jikoni na mwiko wake mkononi, akasimama mlangoni, akamuuliza kwa adabu mlango wa maji utatengenezwa lini.

Dato' alimtazama, akacheka, kisha akamgeukia Shuib. "Tok Ketua," alisema, "mchuzi wa mkeo ni hatari. Nitaupeleka barazani ukapigiwe kura."

Wanaume wote wakacheka. Shuib alicheka kuliko wote. Rabeah alirudi jikoni, akakoroga. Mwaka ule mpunga wake ulikauka ukiwa bado kijani, ukasimama shambani kama nywele za mtu aliyeona jini.

Uchaguzi ulipofika alivaa baju yake nzuri, akajifunga kitambaa cha rangi ya Jembe kama mke wa mkuu wa kijiji anavyopaswa, akaingia kwenye kibanda cha kupigia kura. Kilikuwa na ukubwa wa choo, lakini kina faragha kuliko choo cha kwake. Hapo ndani hapakuwa na mtu wa kumjibu kupitia kwa mumewe. Alitazama jembe, akatazama taa, akaweka alama yake polepole kama mtu anayetia chumvi. Hakuwa na mapenzi na Chama cha Taa. Mgombea wao alikuwa muuza matairi ambaye hajawahi hata kufika kijijini. Alichotaka ni kwamba siku ile, mahali fulani, swali lake lihesabiwe.

Lilihesabiwa. Moja. Kijiji kikasema mkono wa mtu ulitetemeka. Uchaguzi uliofuata akafanya vilevile, na lawama zikamwangukia mzee Senik, aliyekuwa haoni vizuri na ambaye huenda alidhani taa ni jembe. Mzee Senik alifurahia kusemwa. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amshuku kwa jambo lolote. Kisha akafa. Na sasa, uchaguzi wa tatu, kura ikarudi palepale, na marehemu, angalau katika kituo chetu, hawapigi kura.

Kwa hiyo safari hii ikawa kutafutana.

Aliyeongoza msako alikuwa Ludin, mwenye mgahawa wa kahawa, katibu wa tawi la Jembe na wakala wake vyumbani kila uchaguzi. Siku ileile alikuja kwa Shuib, akapanda ngazi, akapewa kahawa na Rabeah mwenyewe, akapuliza, akasema kwa huzuni ya mtu aliyefikiri sana, "Kikulacho ki nguoni mwako, Tok Ketua."

Rabeah akamuuliza kama anataka sukari zaidi.

Walianza kupunguza majina. Huyu hapana, mwanawe ana kazi serikalini. Yule hapana, hata kusoma karatasi husaidiwa. Mwishowe Ludin akatoa ushahidi wake. Kabla ya uchaguzi Dato' aligawa vikoi kwa wazee, kila mzee kikoi kimoja, vikipitia mgahawani. Mtu mmoja tu alikirudisha: Lebai Deraman, mwombaji dua wetu. Alisema ahsante, lakini kinamwishia katikati ya muundi.

Ni lazima ujue kwamba Lebai Deraman ndiye mtu mrefu kuliko wote Alur Pinang. Huingia msikitini kwa kuinama na hutoka na kovu. Kikoi cha kawaida kwake ni leso. Lakini msako ukishahitaji mtu, hautazami urefu wa miguu yake. Anayerudisha kikoi cha Jembe, alisema Ludin, amerudisha na jembe lenyewe. Shuib akaguna. Kuguna kwa mkuu wa kijiji kulitosha.

Rabeah alikuwa na sahani mikononi. Angeweza kusema hapo hapo. Hakusema. Ukuu wa kijiji ni barua ya serikali ya jimbo. Inaletwa kwa posta na inachukuliwa kwa posta, na mkuu ambaye jikoni kwake tu kumemshinda, nani atamwachia kijiji? Akajiambia maneno yatapoa, kama yalivyopoa ya mzee Senik.

Hayakupoa, kwa sababu Lebai alikuwa anamwoza binti. Munirah, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa wiki ileile, na mwaliko ulishazunguka kijiji kizima kabla ya uchaguzi.

Kwetu harusi haipikwi na mtu wa kukodi. Siku moja kabla, kijiji chote huhamia kwa mwenye shughuli: wanaume huchinja na kukatakata, wanawake humenya vitunguu na kukuna nazi, watoto hupita katikati wakiiba. Na kwetu mtu hasusiwi kwa kutangaziwa. Hakuna anayekataa. Ila mmoja ghafla anauguliwa na goti, mwingine anafikiwa na wakwe, wa tatu ana kuku anayelalia mayai na hawezi kumwacha peke yake. Wiki ile kijiji kizima kilishikwa na maumivu ya goti. Daktari angekuja angepata utafiti wa bure.

Kalsom, mke wa Lebai, alikuja kwa Rabeah kupitia mlango wa nyuma. Mkononi alikuwa na sinia aliloliazima zamani sana hata mwenyewe alishalisahau. Alilirudisha, akalipangusa mara mbili ingawa lilikuwa safi. Alisema ng'ombe ameshanunuliwa, yuko nyuma ya nyumba, na Munirah amempa jina, jambo ambalo halikupaswa kufanyika. Alisema mambo mengi kuhusu ng'ombe. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Kak Njang, dada yangu, kama hutaweza kuja, naelewa. Wewe una nafasi yako. Nimekuja usije ukajisikia vibaya."

Ndilo lililomchoma. Mwenzake amekuja kumwombea radhi kwa dhambi isiyokuwa yake, tena kwa mtu aliyeitenda. Rabeah alilipokea sinia, akasema nendeni mkawashe moto kesho mapema, kuni ziwe kavu. Kalsom alisimama kidogo kama mtu ambaye hakusikia vizuri, halafu akaondoka harakaharaka kabla jibu halijabadilika.

Shuib aliporudi kutoka sala ya alasiri alimkuta mkewe ameuteremsha mwiko kutoka kwenye dari na anausugua kwa majivu. Alivua kofia, akauliza nani kafa.

"Nakwenda kwa Lebai kesho."

Shuib alieleza kwa upole kwamba haiwezekani. Si yeye anayekataza, alisema, ni hali. Mke wa mkuu wa kijiji akipika pale, tawi litaelewa vipi, Dato' ataelewa vipi. Mambo haya yataisha baada ya mavuno, na Lebai mwenyewe ni mtu wa subira.

"Kura ile ni yangu, Abang."

Alimtazama. Kwanza alitabasamu, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yameshaondoka. Miaka arobaini ya ndoa inafundisha angalau hilo: alijua mkewe anapotania, na mkewe alikuwa hatanii.

"Ipi?"

"Zote. Hii, na ile ya mzee Senik, na ile ya kwanza."

Shuib aliketi. Aliuliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa kijiji.

"Niliuliza kuhusu mlango wa maji."

"Si ungeniambia mimi?"

"Nilikuambia. Ukasema nimuulize Mheshimiwa. Nikamuuliza, akakujibu wewe." Aligeuza mwiko akaanza upande wa pili. "Basi nikabaki na lile sanduku."

Kuku walianza kupanda kulala. Hatimaye Shuib aliomba jambo moja: aende kama ni lazima, lakini asiseme. Aende kama mpishi. Watu watadhani ni huruma, na huruma haina chama.

Rabeah alisema huruma haitamtoa Lebai kwenye lawama, itampa tu mchuzi. Akamwambia, bila ukali, kwamba anajua ukuu wake utakwenda na kwamba anasikitika. Lakini hawezi kumwachia mtu abebe mzigo wake kwa sababu tu ni mrefu na unaonekana vizuri juu yake.

Kesho yake asubuhi angeweza kupita njia ya nyuma, kando ya mabwawa ya samaki. Alipita barabara kuu, kwenye ile lami ya msiba, mwiko begani kama askari wa gwaride, saa ambayo viti vyote vya mgahawa wa Ludin vilikuwa vimejaa wenye magoti. Lile karai alikuwa amelitanguliza kwa mkokoteni.

Ludin alitoka mpaka ukingoni mwa kibaraza na taulo lake begani.

"Mak Njang, njia hiyo inaelekea kwa Lebai."

"Naijua, Ludin. Nilikuwa naipita kabla hujatahiriwa."

Mtu mmoja akacheka, akatazamwa, akaacha. Ludin akasema kwa heshima, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba tawi linasikitika, mtu aliyeaibisha kijiji hawezi kupikiwa na nyumba ya Tok Ketua.

Rabeah aliushusha mwiko akauegemea. "Mtu huyo ni mimi. Mnayemtafuta."

Hawakuamini. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kumwagiwa kahawa, hakujiandaa kuhurumiwa. Walitikisa vichwa, wakaambiana Mak Njang ana moyo wa dhahabu, tazama anavyomfichia mtu. Ludin alimwambia arudi nyumbani apumzike, jua kali. Ukweli wake aliouhifadhi miaka yote, siku alipoutoa, ulikosa mnunuzi.

Rabeah hakurudi. Kisha akamuuliza Ludin, "Ile kura ya kwanza kabisa ilitoka chumba gani?"

Ludin akasema ni chumba cha kwanza, bila shaka, cha wazee.

"Fikiri. Wewe ndiye uliyekuwa wakala. Ulitoka umelowa jasho, ukasema mkono wa mtu umetetemeka. Ulitoka mlango upi?"

Ludin shule anaijua; kila uchaguzi ameketi humo. Mlango aliotokea siku ile ulitazamana na kisima, na chumba kinachotazamana na kisima ni cha pili. Wote waliokuwa mgahawani wanaijua shule ile. Ungeweza kuwaona mmoja mmoja wakitembea kichwani mwao hadi kwenye kile kisima.

"Chumba cha pili," alisema mzee mmoja polepole.

"Na Lebai Deraman alikuwa chumba gani?"

Lebai alikuwa na ndevu nyeupe tangu wengi wao wakiwa shule. Alikuwa cha kwanza. Hajawahi kukaa kwingine.

"Mimi nilikuwa cha pili," alisema Rabeah. "Uchaguzi uliofuata nikazeeka, wakanihamishia cha kwanza. Na kura ikahamia cha kwanza. Nilikwenda nayo kama mkoba." Akaunyanyua mwiko. "Haya, nimechelewa. Kuni zinaungua bure."

Hakuna aliyemwita nyuma.

Nyumbani kwa Lebai walikuwa wanne: Lebai, Kalsom, Munirah na Rabeah, mbele ya ng'ombe aliyechinjwa, gunia la vitunguu na mafenesi mengi kama vichwa vya watu. Bibi harusi alikuwa anamenya vitunguu huku hina mikononi haijakauka vizuri, akilia, na kwa bahati nzuri vitunguu vilimpa kisingizio. Lebai alikuna nazi akiwa amekunja miguu yake mirefu kama panzi. Rabeah aliwasimulia kila kitu hapo hapo, bila kuacha kukoroga. Kalsom aliweka kisu chini.

"Kumbe ulikuwa unalipokea sinia lako huku unajua," alisema.

"Nilijua. Nisamehe, Som."

"Nitakusamehe baada ya mchuzi," alisema Kalsom, akachukua kisu. "Nikikusamehe sasa utalegea."

Walifanya kazi ya watu sitini kwa mikono minane. Adhuhuri ilipokaribia ilikuwa wazi haitatosha. Nyama ilikuwa imekatwa, lakini mafenesi karibu yote yalikuwa hayajaguswa, na tui lilikuwa nusu ya linalohitajika. Mkoroga karai haachi karai. Rabeah aliendelea kuzungusha, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, safari hii kweli.

Ndipo Shuib alipoingia uani, amevaa kikoi chake cha shambani, panga kiunoni. Hakumsalimia mtu zaidi ya kuitikia salamu ya Lebai. Aliomba maji ya kunawa. Munirah alipommiminia aliona viganja vyake vimejaa rangi ya kahawia na mchubuko mbichi katikati, na maji yaliyodondoka yalikuwa mekundu ya kutu. Rabeah naye aliona. Kutu ile aliijua. Hakuna gurudumu jingine kijijini lenye kutu ya aina ile.

"Halizunguki," Shuib alisema, akiyaambia maji.

"Najua," alisema Rabeah.

Shuib aliketi mbele ya mafenesi, akaokota kipande kimoja ambacho Lebai alikuwa amejaribu kukata, akakigeuzageuza. "Hiki kimekatwa na nani? Panya?"

Na Tok Ketua akiwa ameketi anakata fenesi, mgomo ulikuwa umepoteza miguu. Kijiji kilichomfuata miaka yote hadi kwenye sanduku kikamfuata na kwenye vitunguu. Walikuja wawili, watano, kisha barabara nzima, magoti yamepona. Ludin alikuja mwisho na birika la kahawa, akalibwaga chini kama mtu aliyetumwa. Dato' hakuhudhuria harusi. Alituma bango la pongezi ambalo uso wake ulikuwa mkubwa kuliko jina la bibi harusi, na mvua ilipotishia jioni lilifaa sana kufunika kuni.

Barua ilikuja baada ya mavuno. Serikali ya jimbo ilimshukuru Shuib kwa utumishi wake uliotukuka na kumtakia mapumziko mema. Ludin akawa Tok Ketua, na Shuib akabaki Pak Njang, mume wa Mak Njang. Shuib aliikunja barua ile, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na tangu hapo meza haikuyumba. Watu walidhani Rabeah sasa atatulia. Badala yake kila mkutano wa kijiji alikaa mstari wa mbele na kuuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale, mpaka watoto wakalijua kwa moyo na wakawa wanaliimba wakiruka kamba. Kalsom alianza kukaa upande wake wa kulia. Baadaye wengine. Miezi michache kabla ya uchaguzi uliofuata mafundi walikuja kweli kwenye mlango wa maji, wakaupaka rangi ya njano yenye kung'aa, wakapiga picha, wakaondoka. Ulipendeza sana. Haukuzunguka.

Siku ya kura Rabeah alivaa baju ileile, bila kitambaa. Jioni aliketi kwenye benchi la shule pamoja na Shuib, wakisubiri. Jembe lilichukua tena kiti cha Parit Jering, ndiyo. Mashamba ya mpira yalihakikisha. Lakini Ludin alipotoka chumba cha kwanza na karatasi ya matokeo, hakuisoma. Mtu mwingine ndiye aliyesoma. Chama cha Taa kilipata karibu nusu ya wazee wa Alur Pinang.

Ludin alikuja akasimama mbele ya benchi. Mwanawe wa kiume alikuwa anaoa mwezi uliofuata, na kila mtu pale alijua karai liko kwa nani.

"Nitakuja kupika, Ludin," alisema Rabeah, kabla hajaombwa. "Usihangaike kutafuta nani na nani. Ni wengi, utachoka. Niambie tu kuhusu mlango wa maji."

Ludin alikohoa. "Kuhusu mlango wa maji, Pak Njang," alianza, akimtazama Shuib, "ukweli ni kwamba..."

Shuib aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Ludin akabaki anaongea na mgongo. Alisubiri mgongo uinuke, haukuinuka. Basi akageuza shingo, kisha mabega, kisha mwili wote.

"Mak Njang," alisema, "kuhusu mlango wa maji."

Rabeah akasogea akampa nafasi kwenye benchi, akamsikiliza.